Jela miaka 6 kwa admirali wa nyota nne: ajira ya kustaafu iliyopangwa akiwa bado na gwanda mwilini

Baharia wa Kigamboni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu Septemba 2025, siku mahakama ya Washington ilipompa Robert Burke kifungo cha miaka 6. Burke ni admirali mstaafu wa nyota nne wa Jeshi la Majini la Marekani. Aliwahi kuwa namba mbili wa jeshi hilo zima, kisha kati ya 2020 na 2022 akakaa Naples, Italia, akiongoza vikosi vyao vya majini vya Ulaya na Afrika. Kamandi hiyo ndiyo inayoendesha mazoezi ya Cutlass Express, yale ambayo wanamaji wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakishiriki katika bahari yetu hii. Kwa hiyo si mtu wa mbali na sisi kama jina lake linavyosikika.

Hakuuza siri. Hakuiba mafuta ya meli. Kilichompeleka jela ni kazi ya kufanya akishastaafu.

Mambo yalikwenda hivi. Kuna kampuni ya New York inayofundisha uongozi na mahusiano kazini. Mwaka 2018 ilipata mkataba mdogo wa majaribio na jeshi la majini, mwaka uliofuata jeshi likaukatisha. Julai 2021 wakuu wawili wa kampuni wakakutana na Burke mjini Washington. Waendesha mashtaka walisema, na jopo lililosikiliza kesi likaridhika, kwamba pale ndipo walipopatana: yeye aipe kampuni mkataba, nayo imwajiri akishavua gwanda. Desemba 2021 akaagiza walio chini yake waipe kampuni mkataba wa dola 355,000, bila kushindanisha na mwingine yeyote. Mafunzo yakafanyika Italia na Uhispania mwanzoni mwa 2022. Akajaribu pia kumvuta ofisa mwingine mkubwa aichukue kampuni hiyo, hakufanikiwa. Katikati ya 2022 akastaafu, na Oktoba akaingia kazini kwa mshahara wa dola 500,000 kwa mwaka, pamoja na haki ya kununua hisa 100,000.

Alikana mashtaka yote. Mei 2025 akatiwa hatiani.

Itazameni hiyo hesabu. Mkataba wenyewe ulikuwa mdogo kuliko mshahara wa mwaka mmoja wa aliyeutoa. Kampuni gani itamlipa mtu zaidi ya alichoiletea? Ile yenye matumaini ya mkataba mwingine mkubwa zaidi kufuata nyuma yake, na ndivyo upande wa mashtaka ulivyoieleza mahakama.

Sasa sheria. Wamarekani wanazo nyingi, na nimezipitia moja moja kwa wiki kadhaa. Ukilishughulikia suala fulani ukiwa serikalini, mkataba fulani hasa, huruhusiwi maisha yako yote kurudi kumsemea mtu mwingine mbele ya serikali kuhusu suala hilohilo. Ofisa mkubwa yeyote hukaa mwaka mmoja akiwa na marufuku ya kurudi kuishawishi ofisi aliyotoka. Desemba 2017 wakaongeza: jenerali au admirali wa nyota tatu na nne akae miaka 2 bila kufanya ushawishi wowote katika wizara ya ulinzi, na wa nyota moja na mbili akae mwaka 1. Tena aliyesimamia mkataba wa zaidi ya dola milioni 10 haruhusiwi kulipwa na mkandarasi huyo kwa mwaka mzima. Na anayetaka kuifanyia kazi serikali ya nchi nyingine lazima apate kibali cha jeshi lake na cha wizara ya mambo ya nje, hata kama alistaafu miaka 20 iliyopita, kwa sababu anayekula pensheni ya jeshi bado anahesabiwa kuwa mtu wa jeshi.

Ukizisoma kwa haraka unasema hawa wamejifunga kweli. Ukizisoma mara ya pili unagundua kuwa nyingi zinakataza mdomo, hazikatazi mshahara. Jenerali haruhusiwi kurudi wizarani kubisha hodi, ila anaruhusiwa kuajiriwa na mtengeneza makombora wiki ileile aliyostaafu. Na nyingi zinaanza kuhesabu siku ile anapovua gwanda. Wakati kesi ya Burke inaonyesha kwamba biashara ilifanyika miezi 12 KABLA.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Sajenti Taji Mstaafu

Mleta uzi, umeandika vizuri lakini nakupinga kidogo.

Nimelitumikia jeshi miaka 24. Mwanajeshi hastaafu akiwa kikongwe. Jenerali anatoka akiwa na nguvu, na watoto bado wako vyuoni. Nchi imemsomesha kwa gharama kubwa, Monduli, Duluti, Kunduchi, na nje huko. Anajua kupanga chakula, mafuta na magari ya watu maelfu porini ambako hakuna barabara. Mtu huyo kampuni ya usafirishaji au ya ujenzi ikimtaka, kosa liko wapi? Tukimwekea vikwazo tunamwambia akae kibarazani ahesabu magari yanayopita.

Na mnapenda kuzungumzia wakubwa tu. Sisi wa chini tukistaafu tunakwenda kulinda mageti ya maghala ya watu. Mimi mwezi mmoja baada ya kutoka nilikuwa nimeshavaa sare ya kampuni ya ulinzi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Baharia wa Kigamboni

Shikamoo afande. Hoja yako ya kwanza naipokea yote. Sitaki jenerali akae kibarazani, wala sipingi ajira yenyewe.

Kuhusu ya pili, afande, wewe ulipokwenda kulinda lile ghala hakuna aliyekuhonga, maana hukuwa na kalamu. Hukuwahi kusaini kwamba buti zinunuliwe kwa huyu na si kwa yule. Mwenye kalamu ndiye ninayemzungumzia. Kampuni haikumtaka Burke kwa sababu anajua kufundisha uongozi.

Binti wa Likoni

Assalaam aleikum nyote. Nasoma huu uzi nikiwa Mombasa, naomba niseme jambo kwa mfano wa nyumbani.

Kwetu mwanamke akiachwa au akifiwa hukaa eda. Aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi. Muda ule una maana yake: ndoa iliyopita ipewe heshima yake, na ijulikane kama kuna mimba ndani, isije ikachanganywa ya huyu na ya yule. Na akiwa edani hata posa ya wazi haipelekwi.

Hizo sheria ulizozitaja, za mwaka mmoja na miaka miwili, ni eda ya jenerali. Akae, tujue kama kuna kilichobaki tumboni kutoka ndoa yake na jeshi. Lakini huyo Burke alichumbiwa akiwa ndani ya ndoa. Mahari yameshakubaliwa, tarehe imeshapangwa, mume bado yuko naye nyumba moja hajui. Mtu kama huyo umwongezee eda mpaka miaka mitano, itasaidia nini?

Baharia wa Kigamboni

Dada yangu, wiki nzima nimetafuta namna ya kulisema hilo sikulipata. Ahsante sana.

Kijana wa Norfolk

Habari wakuu. Niko Norfolk, Virginia, mji ambao ukitoka nje asubuhi unakutana na wanamaji kila kona. Naomba kuongeza.

Jambo hili si la juzi. Eisenhower, mwenyewe jenerali wa nyota tano, alipokuwa anaondoka Ikulu Januari 1961 aliwaonya wananchi wake kuhusu muungano wa jeshi na viwanda vya silaha. Miaka 8 baadaye, mwaka 1969, Seneta William Proxmire akaziuliza kampuni 100 kubwa zinazoiuzia wizara ya ulinzi zimeajiri wastaafu wangapi wa cheo cha kanali kwenda juu. Jibu likawa 2,072. Mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi ya bunge ilitoa hesabu nyingine: kampuni 14 kubwa tu, mwaka 2019, zilikuwa na watu 1,718 waliotoka wizarani, vigogo pamoja na wale wa manunuzi. Zaidi ya nusu karne ya sheria juu ya sheria, na mlango wa kutoka wizarani kwenda kwenye kampuni bado unazunguka.

Kuhusu posa ndani ya ndoa, kesi ya Burke ina dada yake mkubwa. Anaitwa Darleen Druyun. Hakuwa mwanajeshi, alikuwa raia, lakini ndiye aliyekuwa na kalamu ya manunuzi ya Jeshi la Anga. Mwaka 2002 alikuwa anajadiliana na Boeing kuhusu ndege 100 za kujazia nyingine mafuta angani, mpango wa zaidi ya dola bilioni 20, na wakati huohuo anajadiliana na mkuu wa fedha wa Boeing kuhusu kazi yake mwenyewe ya dola 250,000 kwa mwaka. Binti yake alikuwa ameshaajiriwa hukohuko. Mwaka 2004 alihukumiwa miezi 9 jela. Yule mkuu wa fedha, Michael Sears, akapata miezi 4. Mkurugenzi mkuu akajiuzulu, mpango wa ndege ukafa, na mwaka 2006 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 615 kumaliza suala hilo pamoja na jingine.

Naomba mlione hili: Druyun hakukamatwa na sheria ya kukaa mwaka mmoja pembeni. Alikamatwa na sheria inayosema ukianza kuzungumza ajira na kampuni, jitoe katika kila jambo linaloihusu kampuni hiyo. Burke naye sehemu ya hatia yake ni hiyohiyo.

Baharia wa Kigamboni

Mkuu wa Norfolk, umenifikisha nilipokuwa nataka kufika. Sheria ya kujitoa ipo, na ndiyo bora kuliko zote. Ugonjwa wake ni mmoja: inategemea mhusika ajiseme mwenyewe. Burke naye alijaza maelezo. Mashtaka yalisema aliwafanya wakubwa wake waamini kwamba mazungumzo ya ajira yalianza miezi kadhaa baada ya mkataba kutoka. Yaani kila kitu kilisimama juu ya tarehe moja, na mwenye kuiandika tarehe hiyo alikuwa yeye.

Kwa nini kampuni isiandike tarehe yake? Ndiyo iliyompigia simu. Ina barua pepe, ina kumbukumbu za vikao. Kila kampuni inayoomba zabuni ya ulinzi ingetakiwa itaje, kwa saini ya mkurugenzi, ni maofisa gani walio kazini imezungumza nao habari za ajira, na lini. Karatasi mbili, moja huku nyingine kule. Zisipolingana, kuna la kuuliza.

Mama Ugavi, Dodoma

Nimekuwa nasoma kimya, lakini hapa naomba niseme maana hii ndiyo kazi yangu.

Nimefanya kazi ya manunuzi miaka 17. Sikuwa jeshini, nilikuwa taasisi ya kiraia na sitaitaja. Tulikuwa na mkubwa wetu, mtu mwenye heshima zake. Ndiye aliyenipokea nikiwa binti sijui hata kuandaa kabrasha la zabuni. Ndiye aliyependekeza nipandishwe daraja. Mume wangu alipolazwa, alikuja hospitali na bahasha.

Akastaafu, tukamfanyia sherehe, nikalia. Miezi mitatu baadaye mlango wa ofisi yangu unafunguliwa, yeye huyo, kwapani ana kabrasha la mzabuni ambaye tulikuwa tunatathmini maombi yake wiki ileile. Nikasimama. Shikamoo bosi. Akaniuliza habari za mume wangu, habari za watoto kwa majina yao. Kisha akaweka lile kabrasha mezani akasema, "Mwanangu, hawa ni watu wazuri."

Hakutoa hata shilingi. Hakunitisha. Lakini niambieni nyinyi mnaozungumza sheria, mtu niliyemwamkia shikamoo kwa miaka 11 nitamwambia vipi aondoke? Siku ile sikulala. Tathmini niliiandika kwa haki, yule mzabuni hakufuzu, na tangu hapo mzee hapokei simu zangu. Msiba wa mama yangu hakuja.

Ndiyo maana Baharia ukisema sheria ya kukaa pembeni haina kazi mimi sikubali. Ingekuwepo karatasi ukutani inayosema mstaafu asikanyage ofisi hii kwa jambo la zabuni kwa miaka 2, ningemwonyesha kwa kidole na kusema, "Bosi, si mimi, ni hii." Angenielewa. Tungebaki na undugu wetu. Nyinyi mnaiona sheria ile kama pingu ya mkubwa. Mimi ninaiona kama kinga ya mdogo. Na jeshini, ambako mdogo amefundishwa kusimama wima mkubwa anapoingia, itakuwaje?

Sajenti Taji Mstaafu

Mama, pole sana. Pole na msiba pia.

Swali lako la mwisho nitalijibu mimi. Jeshini hakuna jenerali mstaafu. Akiingia kambini, hata amevaa msuli, mlinzi wa geti anakakamaa. Kanali aliyempokea leo alikuwa luteni wake jana. Akisema "hawa ni watu wazuri", hiyo kwa sikio la mwanajeshi ni amri. Nimeliona hilo mara nyingi katika mambo madogo tu, kuombea kijana nafasi, kuomba gari. Sikuwahi kulifikiria kwa upande wa zabuni.

Narudisha nusu ya maneno yangu ya mwanzo.

Baharia wa Kigamboni

Mama Ugavi, pole. Nilikosea. Nilikuwa naiangalia eda kwa upande wa anayeondoka tu, sikumfikiria anayebaki mezani. Zote mbili zinahitajika.

Kijana wa Kipawa

Wakuu, mmezungumza zabuni tu. Kuna bidhaa nyingine jenerali anaondoka nayo: kichwa chake.

Oktoba 2022 serikali ya Uingereza ilisema kuwa marubani wake wa zamani wa kijeshi wapatao 30 wamekwenda kuwafundisha marubani wa China, wengine kwa ahadi ya kama pauni 240,000 kwa mwaka. Na njia waliyopitia ilikuwa huku kwetu Afrika, kupitia chuo cha urubani cha Afrika Kusini. Chuo kikasema hakikuvunja sheria, na kweli wakati ule Uingereza haikuwa na sheria inayokataza kazi ile yenyewe, ikabidi itungwe. Wafaransa nao walishtuka: sheria yao ya mipango ya jeshi ya 2023 inamtaka mwanajeshi aliyeshika nafasi nyeti atoe taarifa kabla hajaifanyia kazi nchi au kampuni ya nje, na sharti hilo linaweza kumfuata hadi miaka 10 baada ya kutoka.

Hapo hakuna zabuni wala ofisi ya kubisha hodi. Kuna ujuzi ambao nchi iliulipia, na mwingine anaununua.

Kijana wa Norfolk

Hata huku. Mwaka 2022 gazeti la Washington Post, baada ya kuishtaki serikali mahakamani ili ipewe nyaraka, lilionyesha kuwa wastaafu zaidi ya 500 wa jeshi la Marekani walichukua kazi za serikali za nje tangu 2015. Wizara ya ulinzi ya Saudia peke yake iliwachukua majenerali na maadmirali 15 kama washauri tangu 2016. Vibali vilikuwa vinatolewa karibu kwa kila aliyeomba. Sharti la kibali lilikuwepo kwenye karatasi, ila wananchi hawakujua nani kapewa kibali cha nini mpaka waandishi walipokwenda mahakamani.

Binti wa Likoni

Basi turudi kwetu, maana tusije tukawa hodari wa kuhesabu nyufa za nyumba ya jirani.

Kenya tunayo kidogo. Katiba ya 2010 inamhesabu Mkuu wa Majeshi na makamanda wa nchi kavu, anga na majini kuwa maafisa wa dola. Kifungu cha 77 kinamkataza mstaafu anayekula pensheni ya umma kushika zaidi ya nafasi mbili za malipo kwa wakati mmoja katika mashirika ya serikali. Na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamzuia afisa aliyetoka asimfanyie mtu kazi katika suala alilolishughulikia akiwa ofisini, kwa angalau miaka 2.

Kimaandishi si vibaya. Lakini wakubwa wetu wa jeshi tumezoea kuwaona kwenye bodi za umma: Jenerali Karangi NSSF, Jenerali Kibwana bandarini, Jenerali Mwathethe KenGen. Sisemi walikosea, nafasi zile ni halali na zinatangazwa. Ninachosema ni kuwa macho yetu yamezoea kuangalia huko kwenye gazeti la serikali. Akienda kampuni binafsi ya kuuza kamera za mpakani, nani anatangaza?

Baharia wa Kigamboni

Tanzania ni hivyohivyo. Jenerali Mboma alikuwa mwenyekiti wa bodi ya TANESCO, Waitara TANAPA, Mwamunyange DAWASA, Mabeyo Ngorongoro. Wengine walikwenda ubalozini, kama Mzee Sarakikya aliyekwenda Nigeria. Wamelitumikia taifa mara ya pili na nawaheshimu kwa hilo. Njia ya mkubwa wa jeshi kwetu imekuwa ya kuteuliwa na Rais, ndiyo maana swali la kampuni binafsi halijatuumiza kichwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inaweka kanuni ya jumla kwamba kiongozi akishatoka asijinufaishe isivyostahili na wadhifa aliokuwa nao. Nzuri, lakini Mama Ugavi hawezi kuibandika ukutani ikamsaidia. Haimwambii mtu ni miaka mingapi, ni ofisi ipi, ni kampuni gani.

Na wakati unakuja mbio. Ndege zisizo na rubani, rada za bahari, mitandao ya mawasiliano, ulinzi wa mitambo ya gesi kusini. Kampuni zinazouza vitu hivyo zinatafuta mtu mmoja tu katika kila nchi: yule ambaye mlinzi wa geti anakakamaa akimwona.

Wengine wataniambia tuunde tume ya ushauri. Waingereza walikuwa nayo tangu 1975, kamati ya kuwashauri mawaziri na vigogo waliotoka, majenerali wakiwemo. Ilikuwa inaandika barua nzuri. Haikuwa na uwezo wa kumtoza mtu hata senti. Mwaka 2012 waandishi wa Sunday Times walijifanya watu wa kampuni ya silaha ya Korea Kusini, wakawarekodi maofisa wakubwa wastaafu wakieleza namna wanavyoweza kuwafungulia milango. Luteni Jenerali Sir John Kiszely alijiuzulu urais wa Royal British Legion, chama cha kuwasaidia wanajeshi wa zamani. Lililomfanya ajiuzulu ni gazeti, kamati haikuwa na habari. Oktoba 2025 wameivunja na kazi zake kuzigawa kwingine.

Wafaransa angalau wameiweka jinai. Ofisa akiingia kwenye kampuni aliyokuwa anaisimamia au kuingia nayo mikataba, kabla ya miaka 3 kupita, ni kifungo hadi miaka 3 na faini hadi euro 200,000. Wanajeshi wamo, na ipo tume yao ya kuwaambia mapema kama kazi fulani inafaa au haifai. Hili la kuulizwa mapema nalipenda. Linamlinda hata jenerali mwaminifu, ambaye hataki kesho asikie jina lake redioni.

Sajenti Taji Mstaafu

Sawa kijana wangu. Sasa acha Wafaransa. Ukipewa kalamu wewe leo, unaandika nini? Usiniandikie kitabu, mimi nasomea kwenye simu.

Baharia wa Kigamboni

Afande, naandika karatasi moja.

Kila ofisa kuanzia brigedia jenerali, pamoja na kanali yeyote anayekaa kwenye manunuzi, anapewa karatasi hiyo miaka 2 kabla ya tarehe yake ya kustaafu. Kila kampuni ikimgusia ajira, iwe ni chakula cha jioni, iwe ni kwa shemeji yake, anaandika ndani ya siku 7 na anajitoa katika mambo ya kampuni hiyo. Kampuni nayo inajaza ya kwake inapoomba zabuni. Akishastaafu, miaka 2 hafiki ofisi yoyote ya jeshi kwa jambo la biashara, na tangazo hilo linabandikwa getini na kwenye kila ofisi ya ugavi, lenye jina la sheria na adhabu, ili mlinzi na mhasibu wawe na cha kuonyesha. Kazi yoyote anayopata ndani ya miaka 5 inatangazwa kwenye gazeti la serikali, kama bodi zinavyotangazwa. Anataka kwenda kampuni ya mabasi, ya mbegu, ya hoteli? Aende kesho yake, Mungu ambariki.

Mama Ugavi, Dodoma

Ongeza moja. Karatasi ya jenerali isikae kwa jenerali mwenzake. Ikikaa huko haitafunguliwa, kwa heshima tu, bila hata ubaya. Ipelekwe kwa mkaguzi wa nje, CAG, mtu ambaye hakuwahi kumpigia saluti.

Sajenti Taji Mstaafu

Hapo nimeelewa. Na hiyo karatasi, mstari wa kwanza unauliza nini?

Baharia wa Kigamboni

Tarehe uliyopigiwa simu mara ya kwanza, na jina la aliyepiga.